Sur hadi Masirah kwa gari la Ami: siku nne pwani ya jangwa, Oman

Nimeendesha lori miaka kumi na tisa, njia ya Dar hadi Tunduma na mara nyingine mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo nikipanda gari la mtu mwingine naanza na matairi. Naliweka hili mbele ili ujue maoni haya yanatoka kwa mtu wa namna gani.

Sikwenda Oman kutalii. Dada yangu ameolewa Muscat, alijifungua Novemba, na mama akasema mmoja wetu lazima aende kumwona mtoto. Nilikaa kwao wiki tatu mwezi Desemba. Shemeji aliniuliza nataka kuona nini kabla sijarudi, nikamwambia nataka kuiona pwani ile ya kusini ambako mchanga unaingia baharini, kwa sababu marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi Pangani na jina la Sur, mji wa bandari wa huko, tulilisikia nyumbani tangu wadogo. Vyombo vya Sur vilikuwa vikija na kaskazi vimebeba tende, chumvi na samaki mkavu, vikirudi na kusi vimebeba boriti za mikoko.

Kwanza tulimlipa wakala mmoja wa Muscat, jina lake naliacha, amana ya rial 30. Asubuhi ya safari likaja gari linalong'aa. Nikainama. Spea tairi kipara, waya unachungulia pembeni. Pampu ya upepo hakuna, kamba ya kuvutia hakuna, beleshi hakuna, na kijana aliyeletwa kutuendesha alikiri kwamba hajawahi kupita Al Ashkharah, mji ambako pwani ya jangwa inaanzia. Nilikataa kupanda. Shemeji aliona haya kidogo mbele ya yule kijana, lakini nilimwambia kule tunakokwenda ukipasukiwa na tairi mbili hupati fundi wa pancha, unakaa na kungoja. Ile amana mpaka leo haijarudi.

Siku ya pili yake mtu mmoja anayesali na shemeji msikitini akatupa namba ya mzee wa Sur. Huyu ndiye maoni haya yanayomhusu. Jina lake sitaliweka hadharani kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Shemeji alimwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Ng'ambo, akaondoka na wazazi wake akiwa bado mtoto, na Kiswahili chake ni cha wazee wale: polepole, safi, hakichanganyi. Gari lake ni Land Cruiser ya zamani, rangi ya maziwa, viti vimechakaa. Alipofungua mlango wa nyuma nikatulia moyo: spea mbili nzima, jeki mbili, mbao mbili nene za kuwekea jeki mchangani, beleshi, kamba, kompresa ya kuunga kwenye betri, madumu mawili ya maji ya lita ishirini, na sanduku la vifaa lililopangwa kila spana mahali pake.

Bei yake ilikuwa rial 65 kwa siku, ndani yake petroli na chakula chake mwenyewe. Kwa siku nne ni rial 260, kama dola 676. Tiketi na feri juu yetu. Tulikuwa wawili, mimi na shemeji, kwa hiyo tukagawana. Si bei ndogo kwa mtu wa kipato changu, lakini nimelipa nikiwa radhi, na nitaeleza kwa nini.

Siku ya kwanza ni lami tupu. Muscat hadi Sur ni kama kilomita 200, milima kulia, bahari kushoto, barabara nzuri kuliko njia yoyote niliyopita maishani. Karibu na Sur tulipita Qalhat, mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kaburi la Bibi Maryam tuliliona kwa mbali tu. Ami alisimamisha gari akatueleza kwamba msafiri wa kale Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa, alipita ardhi hii kwa miguu kuja Qalhat, akafika miguu imevimba ndani ya viatu. Nikatazama nje. Mawe, makorongo, jua, hakuna mti hata mmoja wa kukaa chini yake. Sisi tulikuwa tumepita hapo kwa dakika chache na kiyoyozi kinapuliza.

Sur nilitaka kwenda sehemu moja tu, kiwanda cha majahazi. Kimebaki kidogo kuliko nilivyotarajia. Siku hiyo chombo kimoja ndicho kilichokuwa kwenye magogo, na mafundi wenyewe ni Wahindi. Lakini nilipoingia tu harufu ilinishika: msaji uliopigwa randa, na sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao. Harufu ya nguo za baba. Fundi mmoja alikuwa amechuchumaa ubavuni, anaingiza pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao mbili. Anaivingirisha kwa vidole mpaka iwe uzi mnene, anaiweka kwenye ufa, anaweka chembeu juu, anagonga kwa nyundo ya mti mara tatu ndogo na moja kubwa. Tatu na moja. Baba alikuwa akigonga vivyo hivyo. Nikamwonyesha kwa kidole nikasema, "Kalafati." Akainua uso akacheka, akarudia, "Kalfat, kalfat," akanipa chembeu nijaribu. Niligonga kama futi moja hivi. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu hasemi kitu, na tangu saa ile hadi mwisho wa safari aliniita mwana wa fundi.

Mbele kidogo, kwenye jumba la makumbusho ya bahari, wameiweka Fatah al-Khair, ghanja, yaani jahazi kubwa, iliyoundwa Sur mwaka 1951 na kurudishwa kutoka Yemen mwaka 1993. Imepandishwa nchi kavu, unaizunguka yote, na tezi yake, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, imechongwa nakshi za kukufanya usimame. Ukiwa mtu wa Tanga, Pangani, Lamu au Unguja, usipite Sur bila kuiona. Vyombo vya namna hii ndivyo vilivyokuwa vikitia nanga kwetu.

Usiku tukaenda Ras al Jinz, hifadhi ya kasa, karibu kabisa na ncha ya mashariki ya bara la Arabuni. Hapa sifa nazitoa wazi: mpangilio wao ni mzuri. Mnakwenda kwa makundi, kila kundi na mwongozaji, tochi na simu zinazimwa, hakuna kupiga picha kwa mwanga. Msimu mkubwa wa kasa ni kuanzia Mei au Juni mpaka Septemba, Desemba ni wachache, na walitwambia mapema kwamba huenda tusione hata mmoja. Tulitembea gizani kwenye mchanga, mwezi ulikuwa umeandama siku ile ile na umekwisha kuzama. Tukamkuta mmoja. Alikuwa ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe, anataga, na mwongozaji alituruhusu kusogea kwa nyuma wachache wachache, na kimwanga chekundu. Mayai meupe, ukubwa wa mpira wa tebo tenisi, yanaanguka mawili mawili, yana ute. Hufika mia na zaidi kwa kiota kimoja. Alipomaliza alianza kufukia kwa mapezi ya nyuma, taratibu, anashindilia kama mtu anayekanda unga, kisha akarusha mchanga kwa mapezi ya mbele mpaka ukatupiga miguuni.

Niliwaza Maziwe, kile kisiwa kilichoko mbele ya Pangani. Wazee wetu wanasimulia kasa walivyokuwa wakipanda pale kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaliwa na maji, na leo bahari ikijaa kisiwa chote kinafunikwa. Kule Ras al Jinz ufuo bado upo na kasa bado anao pa kurudi. Nililipa tiketi ile kwa moyo mweupe kuliko kitu kingine chochote katika safari nzima.

Malazi ya usiku huo sikuyapenda. Tulilala nyumba ya wageni ya bei nafuu iliyo njia ya Ras al Hadd. Maji ya bomba yana chumvi, heta ya kuogea haifanyi kazi, mashuka yana mchanga, na mwenyewe alitutoza rial tano zaidi ya alizotaja kwenye simu. Ami aliteta naye kwa Kiarabu, zikarudi tatu. Ukiweza, lala Sur mjini, ni mwendo wa chini ya saa moja.

Siku ya pili ndipo safari yenyewe inapoanza. Al Ashkharah tukajaza tangi na dumu la akiba, tukanywa chai ya maziwa yenye iliki kwenye kihoteli cha barabarani, baisa 200 (rial moja ni baisa 1,000), na parata la yai. Kutoka hapo kwenda kusini upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni Wahiba, jangwa la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Nilidhani jangwa na bahari vitakuwa na kitu kati yake, japo vichaka. Hakuna. Kilima cha mchanga kinashuka mpaka barabarani, barabara ikikatika kinavuka, kinaingia majini. Greda zinafanya kazi ya kusukuma mchanga kama kwetu zinavyosukuma tope la masika. Mtandao wa simu unapotea muda mrefu. Ngamia wanavuka wapendavyo, na Ami alishuka hadi kilomita 60 kwa saa kila alipowaona hata kama wako mbali. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Ngamia ni mrefu, ukimgonga miguu anakuja kwenye kioo.

Sasa nieleze kwa nini nasema ile rial 65 ni halali. Baada ya mji wa Mahut tuliingia njia ya vumbi, pembeni kuna uwanda mpana, bapa kabisa, unang'aa kama umesakafiwa. Mimi, na uzoefu wangu wote, ningeukata moja kwa moja, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa na matuta ya kuvunja springi. Nikamwambia, "Ami, si tupite pale pazuri?" Hakunijibu. Akasimamisha gari, akashuka, akaniita. Tukatembea kama hatua thelathini uwandani. "Ukiona ardhi ina rangi ya chai ya maziwa, mwana wa fundi, shuka kwanza. Kanyaga kwa kisigino." Nikakanyaga. Juu palivunjika kama kaukau, chini mguu ukazama hadi kifundoni kwenye tope jeusi linalonuka bahari. Sabkha wanaiita. Chumvi imekauka juu, chini ni maji na tope, na gari la tani mbili na nusu likizama humo linaweza kukaa mpaka mwenye trekta apatikane. Karibu na pale alinionyesha alama za magurudumu za mtu aliyeingia, mbao zilizoachwa, na shimo kubwa. Yule kijana wa wakala wa Muscat angetupeleka humo humo, na mimi ningemshauri afanye hivyo.

Pwani ya Mahut ina mikoko. Ni mchu, huu huu wa kwetu, wenye vijiti vinavyochomoza kwenye tope. Niliuona nikamwita shemeji aje aone. Yeye amezaliwa Muscat, hakuelewa furaha yangu. Kwa mtu aliyekulia mdomoni mwa mto Pangani, kuukuta mchu umesimama baharini na nyuma yake jangwa tupu ni jambo la kushangaza sana.

Al Khaluf ni kijiji cha wavuvi, mashua za faiba zimepangwa ufuoni, na Land Cruiser ndizo zinazozivuta kutoka majini. Kutoka kijijini kwenda kusini kuna vilima vya mchanga mweupe, na njia yake ni ufuo wenyewe, maji yakiwa yametoka. Tulifika saa tisa alasiri. Maji yalikuwa bado juu. Magari mawili ya wageni yalitupita yakaingia kwa mchanga wa juu, laini, yakinguruma. Ami akaangalia bahari, akasema mwezi umeandama jana, hii ni bamvua, maji yatatoka mbali, tungojeeni. Tukakaa saa moja na nusu. Akatandika mkeka, akatoa tende na kahawa. Wakati huo akapunguza upepo wa matairi, kutoka 35 hadi 18, tairi moja moja, kijiwe kidogo amekibana kwenye valvu, geji mkononi, sikio limeelekea gurudumu. Alikuwa anajua kwa mlio kabla ya kupima. Nilimhesabia: kila tairi alitoa kijiwe mara moja tu, akapima, ikawa 18 au 17.

Maji yalipotoka ufuo ukawa mgumu kama lami. Tukapita kilomita kadhaa kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, bila kutikisika. Tuliwakuta wale wageni wamekwama, gari la mbele limekaa kwa tumbo. Ami akasimama bila kuombwa, akawapunguzia upepo, akachimba, akavuta. Dakika arobaini. Hakuchukua hata baisa.

Mchanga wa pale ni mweupe kama chumvi ya mezani na laini kuliko unga wa sembe. Tulilala hapo, hema mbili za Ami, mkeka mmoja. Choo hakuna, maji ya kuoga hakuna, unatakiwa ulijue hilo kabla ya kwenda, hasa ukiwa na wazee au watoto wadogo. Usiku baridi ni kali, upepo wa kaskazi hausimami. Nilivaa koti la shemeji na bado nilitetemeka. Chakula kilikuwa wali na changu wa kuchoma aliyenunuliwa kijijini, akapakwa ndimu kavu na pilipili manga. Kilimia, kile kishada cha nyota, kilikuwa juu kabisa. Nilimwuliza Ami wao wanakiitaje, akasema Thuraya, akanieleza manahodha walivyokuwa wakiitazama. Naye akaniuliza bei ya karafuu Pemba siku hizi, nikamwambia nilichokijua. Tulizungumza mpaka moto ukafa.

Asubuhi, kabla hatujarudi barabarani, nilinunua papa mkavu kijijini, kilo mbili, wa mama. Kompresa ilijaza kila tairi kwa dakika nne hivi.

Masirah nitaisema kwa kifupi kwa sababu hatukuitendea haki. Feri inatoka Shannah. Pale gatini, kwenye tope la maji yaliyotoka, kulikuwa na ndege aina ya heroe wengi sana, mstari wa waridi mpaka jicho linachoka. Kuvuka kulituchukua saa moja na kitu. Kisiwa ni kirefu, karibu kilomita 95, mji wake ni Hilf huko kaskazini, upande wa magharibi bahari imetulia na upande wa mashariki mawimbi yanapiga. Ni moja ya mahali pakubwa duniani pa kutagia wale kasa wenye kichwa kikubwa tunaowaita duvi, ila si Desemba. Tulilala usiku mmoja, tukazunguka nusu ya barabara, tukaanza kuhesabu saa za feri. Hapa ndipo ninapomlaumu Ami kidogo: ratiba yake ya siku nne inabana. Mwambieni awape siku tano na mbili ziwe za Masirah, au muiache kabisa mkalale Khaluf mara mbili. Na feri mjue saa zake siku moja kabla, kwa sababu siku ya kurudi tulikaa foleni tangu baada ya Alfajiri, tukafika Muscat kupitia Sinaw usiku, Ami amechoka na mimi nikamwomba anipe usukani kilomita mia za mwisho. Alinipa baada ya kuniangalia nikiendesha kwa dakika tano.

Mambo mengine ya kujua. Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Chukueni fedha taslimu, noti ndogo ndogo, vijijini huenda msikute mashine za kadi. Maji ya kunywa msipungukiwe na lita tano kwa mtu kwa siku hata kama hamna kiu. Ijumaa mchana msipange chochote. Akina mama wavae kama wanavyovaa wakienda Unguja mjini, na wataheshimiwa kila mahali. Gari halina kiyoyozi kizuri nyuma, na redio ni mbovu, kama hayo yanakusumbua.

Ningeulizwa nyota ningempa Ami tano, nyumba ya wageni ya Ras al Hadd moja, na wakala wa Muscat ningemwacha bila hata moja. Mzee hana ukurasa wa matangazo na hapokei simu akiwa anaendesha. Mpigieni baada ya Isha. Aliyefika Sur bila namba aende jioni kwenye kiwanda cha majahazi, aulize mzee wa Land Cruiser rangi ya maziwa anayesema Kiswahili cha Unguja. Mafundi wanamjua.